Namba ya siri ilipopotea: nilivyoirudisha alamu ya nyumba yetu Lamu

King'ora cha nyumbani kwetu Mkomani kililia usiku tatu ndani ya wiki moja, mwezi wa Mei, masika yameshika kasi na stima inakwenda na kurudi. Usiku wa tatu stima ilikatika baada ya isha. Kwenye saa nane, bila mlango kuguswa wala mtu kupita, kile kidude kilichotundikwa juu ya ukuta wa nje kikaanza. Anayeijua Lamu anavijua vichochoro vyetu: kuta ndefu za mawe huku na huku, njia ambayo ukikutana na punda mwenye mzigo unajibana ukutani. Sauti haina pa kwenda. Punda wa jirani wakaanza kulia nao, na bibi wa nyumba ya pili, ambaye ana presha na ambaye chumba chake kiko upande wa pili wa wikio letu, kile chumba cha darajani kinachovuka kichochoro, akaniita dirishani huku sauti ikimtetemeka.

"Mwanangu, mumeingiliwa?"

"Hapana bibi, ni alamu tu."

Nilimjibu hivyo na mwenyewe sina hakika. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kelele zenyewe: chombo kilichowekwa kutulinda kinapiga mayowe, na mimi mwenye nyumba siwezi kusema kama kinasema kweli.

Alamu ile aliitia kaka yangu miaka minne nyuma, baba alipofariki na mimi na mama tukabaki wawili katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Kaka ni baharia, sehemu kubwa ya mwaka yuko melini. Alileta fundi kutoka Mombasa, wakapitisha waya kwa uangalifu, kwa kuwa mama alisema wazi hataki tundu hata moja kwenye mlango mkubwa wa kuchonga wala kwenye mfaa wake, ule mti wa katikati. Sanduku la chuma lenye ubao na betri ya alamu likawekwa chini ya ngazi, kibao cha namba tekani, yaani kwenye ukumbi wa kuingilia, sensa moja msana wa chini, ule ukumbi mrefu, na nyingine juu. Tukapewa namba ya siri. Kisha kaka akaja likizo, akaibadilisha, akarudi baharini, na hakuna aliyeiandika popote.

Nilijaribu mwaka wake wa kuzaliwa, wa mama, mwaka aliofariki baba. Baada ya kukosea mara kadhaa kibao kikajifunga, hakipokei namba yoyote mpaka dakika zipite. Simu ya kaka haikupatikana. Meli ilikuwa katikati ya bahari. Nikampigia yule fundi. Alinijibu kwa adabu kwamba namba ya siri ya fundi, inayofungua alamu yenyewe, haitolewi kwa simu, na kwamba angekuja mwenyewe nikimlipia nauli ya basi hadi gati ya Mokowe upande wa bara, boti, malazi na ufundi. Kutotoa namba kwa sauti tu ya simu simlaumu, angejuaje kama mimi si mwizi? Lakini mpaka leo nashikilia kwamba si haki ufunguo wa nyumba ya mtu ukae kwa mtu mwingine aliye mwendo wa siku nzima, tena bila wenye nyumba kuambiwa kwamba ufunguo huo upo.

Kijitabu cha alamu nilikipata chini kabisa ya kasha la mama, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na skrubu zilizobaki. Nilikisoma siku mbili. Ukurasa ulionifungua macho ulikuwa ule wa king'ora cha nje. Kumbe kina betri yake ndogo ndani. Muda wote sanduku hukipelekea umeme wa kukituliza, na kikiona umeme huo umekatika huchukulia kwamba mtu amekata waya, kikalia kwa betri yake chenyewe. Stima ikiwapo, sanduku hulisha kila kitu. Stima ikikatika, betri kubwa iliyomo sandukuni ndiyo inayotakiwa kushika zamu. Yetu ilikuwa imechoka. Ilijikongoja saa chache tangu isha, kwenye saa nane ikaishiwa, na king'ora kikaamini tumevamiwa. Usiku wa kwanza nilikuwa nimekimbilia swichi kuu nikaizima, nikidhani nakinyima chakula. Kumbe kunyimwa chakula ndiko kunakokiliza.

Betri mpya peke yake ingenyamazisha zile kelele za usiku. Lakini sikutaka kuishi na alamu nisiyo na namba yake, ambayo ikilia kwa sababu nyingine tutarudi palepale. Nikaamua kufanya yote mawili.

Betri yenyewe ni ile ya volti 12, 7Ah (kipimo cha umeme inaohifadhi), nyeusi, ya umbo la tofali dogo. Ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye mashine nyingi za kuhifadhia umeme wa kompyuta. Nilizunguka maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, duka la tatu wakawa nayo kwa shilingi 2,600. Muuzaji alikuwa mkweli, akaipima mbele yangu. Ombeni mpimiwe, kwa sababu betri ya aina hii ikikaa rafuni muda mrefu bila chaji huharibika ingali mpya kwa macho.

Siku niliyochagua ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri. Nilipita nyumba hadi nyumba kuwaambia kwamba kutakuwa na kelele kidogo, wasishtuke. Bibi tulimpeleka mtaa wa Langoni kwa bintiye mpaka magharibi. Na nikamwita fundi wa stima wa mtaani kwetu, mtu mzima, aje na testa na mita yake. Kazi hii sikuifanya peke yangu na sitamshauri mtu aifanye peke yake: ndani ya sanduku lile kunaingia waya wa volti 240 kabla haujafika kwenye transfoma inayoupunguza, na volti 240 hazimjui mjinga wala mjuzi.

Tulianza na king'ora. Binamu yangu alipanda ngazi na pamba masikioni, maana kijitabu kilisema mlio unapita desibeli 100 na yeye angekuwa umbali wa mkono. Alipolegeza kifuniko tu kikapiga yowe, kwa sababu chini ya kifuniko kuna swichi ndogo ya springi inayojua kwamba kimefunguliwa. Akahesabu waya, akavuta kiplagi cha ile betri ndogo na kunipigia kelele nizime swichi kuu, nami nikamwambia fundi achomoe ya sandukuni. Kimya. Ilichukua kama nusu dakika, na watoto wote wa mtaa walikuwa wameshakusanyika chini.

Fundi akahakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, akazifunika kwa tepu ncha za waya wa stima. Ndipo mimi nikaingiza mikono. Ile betri ya zamani ilikuwa imevimba ubavuni. Mita ilionyesha volti 9.8, ilhali betri nzima ya aina hii, ikiwa imechajiwa na kupumzika, haishuki chini ya 12. Vichwa vyake vilikuwa na ukungu wa kijani, na viplagi vya waya vilevile. Hiyo ni hewa yetu. Kusi likivuma chumvi inaingia mpaka ndani ya saa ya ukutani, sembuse sanduku lenye matundu ya kupitishia waya. Nilivisugua kwa msasa laini hadi vikang'aa, nikavipaka grisi kidogo. Kwa kawaida betri hizi hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto huzipunguzia umri, kwa hiyo miaka yetu minne haikuwa dhuluma.

Sasa namba. Kijitabu kilieleza kwamba kwenye ubao wa ndani kuna pini mbili fupi zilizosimama sambamba. Unaondoa umeme wote, wa stima na wa betri, unaziunganisha zile pini, unarudisha umeme, unasubiri, unaziachanisha, na namba zote zinarudi zilivyotoka kiwandani. Nilizigusanisha kwa ncha ya bisibisi ndogo, fundi akawasha. Hakuna kitu. Kibao kikaniomba ile ile namba ya kaka. Nikahisi machozi yananilenga, kwa kweli, kwa sababu kijitabu kilisema pia kwamba fundi aliyeiweka alamu anaweza kuizuia njia hii ya pini, na ikizuiwa hakuna njia ila namba yake.

Fundi wa stima ndiye aliyeona kosa. "Dada, hukungoja. Tazama hiyo taa." Kweli, tulipozima tena, kitaa kidogo chekundu ubaoni kiliendelea kumemeta sekunde kadhaa baada ya umeme kuondoka, kwa sababu ubao ulikuwa bado na akiba yake. Tukangoja dakika mbili nzima. Nikaziunganisha pini, akawasha, nikahesabu hadi kumi polepole bila kutikisa mkono, nikaondoa bisibisi. Kibao kikalia mara mbili. Nikaingiza namba ya kiwandani iliyoandikwa kijitabuni, na maandishi yakabadilika. Mama, aliyekuwa amekaa muda wote kwenye kiti chake msanani akivuta uradi, akasema "Alhamdulillahi" kabla sijafungua mdomo.

Namba ya kiwandani haifai kuachwa hata kwa saa moja, kila mwenye kijitabu kama hicho anaijua. Niliweka yangu, nikamwekea mama yake mwenyewe, na ile ya fundi wa alamu nayo nikaibadilisha, ambayo wengi huisahau. Mama hashiki tarakimu kichwani. Anaikumbuka namba yake kwa mwendo wa kidole juu ya kibao, kama anavyokumbuka mshono, na hajakosea hata mara moja. Namba zote tatu nimeziandika karatasini, zimo ndani ya kasha lililofungwa, na kaka anajua ziko wapi.

Kisha tukapima kila kitu, binamu akitembea chumba hadi chumba na mimi nikitazama kibao. Sensa ya juu ilikuwa sawa. Mlango mkubwa ulikuwa unasoma wazi hata ukiwa umefungwa: ile sumaku iliyogandishwa kwa gundi juu ya ubawa ilikuwa imesogea mbali na mwenzake wa kwenye fremu, maana mbao za mlango huvimba kwa mvua na kunywea kwa kaskazi. Nikaigandisha upya zikaribiane, pengo lisizidi unene wa kidole.

Ya msana wa chini ndiyo iliyonichosha. Sensa hizi zinaona joto linalosogea, na yetu ilikuwa inatazama kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ambako jua linaingia, pazia linapepea, na paka wa mtaa mzima wanapita kama kwao. Juu ya hayo, nilipofungua kifuniko nilikuta utando wa buibui na mayai mawili ya mjusi. Mjusi akitambaa juu ya kioo cha sensa, kwa sensa ni kama mtu mzima kapita. Nilisafisha, nikaziba tundu la waya kwa silikoni, nikaigeuza itazame mlango wa tekani badala ya kiwanda. Paka bado wanaiamsha mara mojamoja, kwa hiyo usiku tukilala nyumbani naiacha nje ya ulinzi na kutegemea mlango. Nikipata sensa ya aina isiyojali wanyama wadogo nitaibadilisha.

Magharibi tulirudisha betri ya king'ora, tukakiliza kidogo kwa makusudi, tukakizima kwa namba yangu. Fundi alikataa malipo, akakubali sinia la mahamri na chai.

Stima ilikatika tena Jumatano iliyofuata, saa tatu usiku, kwa upepo. Kibao kikatoa mlio mmoja mfupi kuonyesha kwamba kimehamia betri. Sikulala. Nilikaa tekani na tochi, kila saa natazama maandishi. Saa nane ikapita. Kama robo saa baadaye nikasikia dirisha la upande wa wikio linafunguliwa.

"Mwanangu, mbona leo kimya? Mu wazima?"

"Wazima, bibi. Betri mpya."

Akakaa kidogo, nikasikia anafunga dirisha. Stima ilirudi baada ya adhana ya alfajiri.