Nilivyojifunza kumeza upya baada ya kiharusi

Kiharusi kilinikuta Guangzhou, nimekwenda kufunga mzigo wa mapazia. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakagoma, ila vyote hivyo vilianza kurudi ndani ya wiki. Koo ndilo lililokataa. Kijiko kimoja tu cha maji, napaliwa hadi machozi. Nikawekwa mpira wa kulishia puani, na mate yangu mwenyewe nikawa nayatema kwenye kopo.

Idara ya utengamao ya hospitali ile ilikuwa na mashine ya sumaku, ya kuuamsha ubongo kutoka nje ya kichwa. Mkalimani wangu alikuwa binti wa Kitanzania anayesomea udaktari huko. Kwanza wakauliza: una chuma chochote kichwani? Betri ya moyo? Umewahi kuanguka kifafa? Nikavuliwa hereni na vibanio vya nywele, na pochi yenye kadi za benki ikawekwa mbali. Kisha wakaniwekea koili, waya uliozungushwa unaotoa sumaku, yenye umbo la namba 8 upande wa kulia wa kichwa. Nikashtuka. Si walisema mshipa umeziba kushoto?

"Mama, kumeza kunaongozwa na pande zote mbili za ubongo," binti akanieleza. "Wa kushoto ameumia. Wanamwamsha wa kulia ashike kazi ya mwenzake."

Walipopima nguvu ya sumaku, kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaruka chenyewe. Nilicheka, mara ya kwanza tangu niugue. Halafu ikaanza: ta-ta-ta-ta, kimya, ta-ta-ta-ta, kama cherehani, na mimi nimezibwa masikio. Haikuuma. Ngozi ya kichwa ilifinywafinywa na taya likachezacheza, basi. Nilienda siku 5 kwa wiki, wiki 2.

Nilidhani sumaku itanimezea. Akili za dukani hizo: ukilipa, unapewa mzigo. Kumbe nikitoka tu kwenye kile kiti, mtaalamu wa kumeza ananisubiri na kijiko. Inamisha kidevu. Meza kwa nguvu zote. Kohoa. Rudia. Wakasema ubongo ukishaamshwa ndipo wa kufundishwa, na hapo ndipo nilipotoka jasho.

Mwishoni wakanipiga picha ya eksirei nikimeza bariamu, dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha. Ile nzito ilipita salama, ile nyepesi bado ilichungulia njia ya hewa. Mpira ukatolewa. Siwezi kuapa kwamba ni sumaku. Wengi koo hurudi lenyewe wiki za mwanzo, na mazoezi sikuyakosa hata siku moja. Lakini ningeambiwa nirudie, ningekaa tena.

Dar sikuwa na mashine, nilikuwa na wageni. Kila mmoja na dafu lake: "Kunywa shoga yangu, hili ni laini." Laini ndilo la hatari! Maji hukimbia kabla koo halijaziba njia ya hewa, yakaingia kwenye mapafu, ukapata nimonia. Mimi nilikula mtori, uji mzito na juisi ya parachichi ile ya kusimamisha kijiko. Na zoezi la koo: mara tatu kwa siku nalala chali mkekani, nainua kichwa nione vidole vya miguu bila kunyanyua mabega, nashikilia dakika nzima, napumzika. Wiki 6. Wajukuu walinihesabia, na waliniibia sekunde.

Dafu nililinywa mwezi wa nne tangu niugue, kwa kijiko, kidevu chini. Shoga aliyelileta alisimama pale pale hadi likaisha.