Imba kwanza, gita baadaye: nilivyojifunza noti za mapambo

Ninapiga gita la solo katika kwaya moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kilichonisaidia kuliko vyote kubuni solo papo hapo ni noti za mapambo, yaani zilizo nje ya akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja). Akodi ya Do ina noti tatu tu: do, mi na sol. Solo ikikaa juu ya hizo peke yake inasimama imara, lakini utamu unatoka kwa jirani zake.

Nilianza na mi. Yaya, yaani mkubwa wetu, anayefundisha sauti ya pili alishika akodi ya Do kwenye kinanda akaniambia, "Weka gita chini, mdogo wangu. Imba kwanza." Nikaimba mi, nikapanda fa, nikarudi mi. Kisha mi, nikashuka re diyezi (re iliyopandishwa nusu toni), nikarudi mi. Zote mbili ziko nusu toni kutoka mi, ila fa, ingawa haimo katika akodi, ni mwenyeji katika ngazi ya Do (do, re, mi, fa, sol, la, si) na re diyezi ni mgeni, kwa hiyo hamu yake ya kurudi mi inasikika kali zaidi. Baadaye nikaziunganisha: fa, re diyezi, mi. Mi inazingirwa juu na chini kabla ya kuguswa, na ikifika, sikio linakuwa limeshaingoja. Mpaka leo hicho ndicho kipande ninachokipenda zaidi kwenye solo.

Halafu kuna suala la pigo, na hapa ndipo naona utajiri wote ulipo. Imba mi, fa, sol, huku fa ikiangukia katikati ya mapigo: inapita tu, kama mtu anayekatisha uwanja. Sasa iweke fa hiyohiyo juu ya pigo la kwanza, akodi ya Do ikilia chini yake, kisha uishushe mi. Inauma kidogo, halafu inatulia. Noti haikubadilika, wakati wake ndio umebadilika. "Amina" ya kufunga wimbo, inayotoka akodi ya Fa kwenda Do, inafaa sana kwa zoezi hili: wenzako wakishaingia Do, wewe bado shikilia fa, uishushe mi kwa kuchelewa.

Kwa kuzoeza sikio, nasikiliza rekodi za mpiga gita Mwenda wa Bayeke, yule ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba, kwa hiyo noti ngeni inasikika wazi juu ya besi. Nachukua kipande kifupi kwenye simu, naimba noti ya msingi ya akodi, kisha najiuliza: noti hii imefikiwa kwa hatua au kwa kuruka? Imeangukia pigo au katikati? Inaondokea wapi? Gita nalishika nikishaweza kukiimba kipande chote.

Siku hizi nazungusha akodi za Do, Fa na Sol, kila moja nikiingia noti yake ya kati kwa nusu toni kutoka chini: re diyezi kwenda mi, sol diyezi kwenda la, la diyezi kwenda si. Ya mwisho ndiyo ngumu kuipata kwa sauti. Naanzia si yenyewe, nashuka kidogo, narudi, na nikishaishika ndipo naiingia moja kwa moja.