Ukungu Uliorudi Chini ya Rangi Mpya

Usiku mmoja wa Aprili 2024, wakati wa mvua za masika zilizofuata vuli iliyozidishwa na El Niño, maji yaliingia nyumbani kwa dada yangu Kigogo, jijini Dar es Salaam, upande wa bonde la Mto Msimbazi. Yalifika magotini, yakakaa humo hadi asubuhi, kisha yakatoka yakiacha tope, harufu ya chooni na mstari wa kahawia kwenye kila ukuta. Siku ya tatu tulipolisogeza kabati la nguo tukakuta mgongo wake umeota madoa ya kijivu yenye manyoya, na nyumba nzima ilikuwa imeanza kunuka uvundo. Nilishangaa kwa nini ukungu umeota haraka hivyo. Sasa najua kwamba hapakuwa na la ajabu: vijimbegu vya ukungu vimo hewani na katika vumbi la kila nyumba, na vinapopata mbao, karatasi au kitambaa kilicholowa, saa 24 hadi 48 zinatosha kuanza kumea.

Naandika haya kwa sababu tulifanya kosa ambalo naliona likirudiwa mtaa mzima kila baada ya mafuriko, nalo ni kuwahi kupaka rangi. Wiki tatu baada ya maji kutoka, mwenye nyumba alileta fundi. Kuta kwa nje zilionekana zimekauka. Fundi alifuta madoa kwa tambara lililolowekwa jiki, akapiga rangi ya mafuta mikono miwili, akaniambia, "Kaka, ukishaweka hii hapa, maji hayapiti tena." Alisema kweli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa: tofali la saruji na lipu hunywa maji mengi, na unyevu ule uliobaki ndani ya ukuta haukuwa tena na njia ya kutokea. Kufikia Julai rangi ilikuwa imevimba kama malengelenge, ikabanduka, na chini yake ukungu ulikuwa mweusi. Wakati huohuo mpwa wangu, ambaye ana pumu, alikuwa akiamka usiku kwa kukosa pumzi, na sisi tulikuwa tukilaumu vumbi la barabarani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupata zaidi kikohozi, kukorota kwa kifua na pumu. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga, wazee na wale ambao kinga ya mwili wao imepungua kwa ugonjwa au kwa matibabu. Watu hawa wasilale katika chumba chenye ukungu, na kwa hakika wasiwe ndiyo wanaousugua. Sisi tulimhamishia mtoto kwa bibi yake mpaka kazi ilipokwisha.

Safari ya pili tulianza upya. Kwanza tulizima meni swichi, kwa kuwa soketi za chini zilikuwa zimezama na hazikuwa zimekaguliwa. Tuliibandua rangi yote, na kwenye ukuta mbaya zaidi tukabomoa lipu hadi juu kidogo ya mstari wa maji, maana unyevu hupanda ndani ya ukuta kupita pale maji yalipoishia. Kabla ya kukwangua tulinyunyiza maji kidogo, kwa sababu ukungu mkavu ukisuguliwa hurusha vijimbegu vyake chumba kizima. Kwa sababu hiyohiyo feni isiwashwe kuelekea ukuta ambao tayari umeota. Kazi yake ni siku za mwanzo, kabla madoa hayajatokea. Tulivaa glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, na barakoa ngumu za N95, kwani barakoa ya kitambaa haizuii vijimbegu.

Kuhusu jiki nina neno, kwa kuwa imani tuliyonayo juu yake imezidi kiasi. Kwenye vigae, chuma na plastiki inafaa, kikombe kimoja katika lita nne za maji, baada ya uchafu kuoshwa kwa sabuni na brashi, madirisha yakiwa wazi. Kwenye mbao na lipu hung'arisha doa huku mizizi ikibaki ndani, na maji yake yanaongeza unyevu uleule unaoukimbia. Tena isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki au amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu. Nimewaona watu wakimimina chupa mbili katika ndoo moja wakidhani wanaongeza nguvu.

Lililotuuma zaidi ni kutupa. Godoro la sponji lililonyonya maji ya mafuriko halisafishiki hata likianikwa mwezi mzima, na kapeti ni vivyo hivyo. Makabati ya chipbodi yalivimba na kufumuka. Dari la jipsamu la chumba kimoja, lililokuwa limelowa kutokana na bati lililotoboka, tuliliondoa lote, maana karatasi inayoifunika jipsamu ni chakula cha ukungu. Kitanda cha mninga tulikiokoa: tulikisugua kwa sabuni, tukakiacha kikauke polepole kivulini chenye upepo, kwa kuwa jua kali lingekipasua. Gunia la mahindi lililoguswa na maji dada alitaka kulianika, nikamsihi alitupe. Mlipuko wa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Vyeti vya kuzaliwa na picha tulivipoteza kwa kutojua kwamba karatasi iliyolowa, ikiwekwa katika mfuko wa nailoni na kuingizwa kwenye friza ndani ya siku mbili, haioti ukungu, na unaweza kuikausha taratibu utakapopata nafasi.

Kisha tukasubiri. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe, na hakuna anayetaka kuilipia. Ukuta kuonekana mkavu au kuwa mkavu mkononi hakuthibitishi lolote, kwa hiyo tulitumia kipimo rahisi: unakata kipande cha nailoni safi, unakibandika ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, unakiacha siku nzima, na ukikibandua ukakuta matone au ukuta umekuwa mweusi, maji bado yamo. Tulianza kupima mwezi wa Agosti, na kipande cha ukuta wa nyuma hakikutoka kikavu hadi katikati ya Septemba. Katika kipindi hicho palitokea unga mweupe uliomshtua dada, lakini haukuwa ukungu. Ilikuwa ni chumvi ya ukutani inayosukumwa nje na maji yanapokauka. Ukiitia tone la maji huyeyuka, ilhali ukungu hupakazika. Unga huo hukwanguliwa kwa brashi kavu.

Baada ya lipu mpya kukauka tulipaka chokaa badala ya rangi ya mafuta. Wazee wa pwani waliojenga kwa matumbawe walijua kwamba chokaa huuacha ukuta upumue, na ukali wake huufanya ukungu usipende kuota juu yake. Si nzuri kama rangi ya dukani, na huchafua nguo ukiegemea, lakini inakubali kupakwa upya kila mwaka kwa gharama ndogo.

Linalobaki ni hewa, na hapa nyumba zetu mpya zimepoteza kitu. Nyumba za zamani zilikuwa na matofali ya matundu juu ya madirisha, yakipitisha upepo usiku na mchana. Siku hizi tunayaziba kwa ajili ya mbu na kiyoyozi, tunaweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma ambayo hufunguka nusu tu, kisha tunaanika nguo ndani wakati wa mvua. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, ukungu unaweza kuota hata pasipo mafuriko, na Dar es Salaam wakati wa masika huzidi hapo karibu kila siku. Dada amezibua matundu na kuyawekea wavu. Madirisha huyafungua mchana jua linapotoka na huyafunga usiku wa mvua, kwani hewa ya nje wakati huo ina unyevu mwingi. Samani zote zimesogezwa kiganja kimoja kutoka ukutani. Kabati jipya amelihamishia ukuta wa ndani, na pale lilipokuwa la zamani pamebaki wazi, ili doa likitokea lionekane siku ileile.