Mlango wa ghorofa ya nne

Jamani tupo wazima. Watoto wazima, baba watoto mzima, nalisema hili mwanzo kabisa mana tangu ile video ya moto kwenye jengo letu izunguke kwenye magrupu simu yangu haijapoa na kuna ndugu yetu mmoja (anajijua) kaweka Innalillahi chini ya video kabla hata hajauliza. Hakufa mtu. Imeungua fleti moja, ya chini yetu, na ukuta wa sebule yangu una shimo saizi ya sinia ya pilau, hilo shimo ntalifikia.

Kwa wageni wa hapa, sisi tunakaa Bronx, New York, jengo la ghorofa tano halina lifti, la miaka ya 1920 huko. Ukiliona kwa nje matofali matupu unasema hili hata bomu halilitikisi, kumbe ndani ni mbao. Sakafu imelazwa juu ya mbao, dari mbao, mabomba ya hita yanapanda toka chini hadi juu kupitia matundu kwenye kuta, na katikati kuna ngazi moja ya mawe iliyolika katikati kwa miguu ya watu wa miaka mia. Sisi tupo ya tano, juu kabisa. Kodi ya juu ni nafuu kidogo, na magoti ndo yanayolipia kilichobaki.

Sasa kabla ya moto ngoja niongelee mlango, mana bila mlango hii stori haipo.

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani. Kwetu mlango wa mbele unafunguliwa alfajiri unafungwa watu wakienda kulala, katikati hapo kuna pazia tu. Ukifunga mlango mchana majirani wanaanza kuulizana kuna mgonjwa? kuna ugomvi? au kapata hela siku hizi hataki watu? Na kuubamiza ndo usiseme, ukibamiza mlango kwa mama yangu umetukana. Sa nakuja huku nakuta milango ya fleti ina bawaba za springi, unauachia tu unajirudi wenyewe PAA, kila ukitoka PAA, mtoto akienda kutupa taka PAA. Mwaka wa kwanza nlikua nauwekea kiatu usijifunge. Baadae baba watoto akazilegeza zile springi mpaka mlango ukawa unakaa wazi kama mlango wa Mungu alivyopanga. Na mbele yetu wanakaa Wagambia, watu wa kuachana milango wazi kama sisi, watoto wanazunguka nyumba hii na hii, harufu ya kwao inakuja kwangu ya kwangu inaenda kwao, raha. Supa, yani yule jamaa anaetunza jengo, alishasema mara tatu mlango lazima ujifunge ndo sheria ya jiji, nikawa namwambia sawa sawa, kesho.

Haya. Jumanne usiku, saa nane kasoro. Baba watoto yuko kazini anafanya shifti za usiku. Nasikia mlango unagongwa, si kugongwa, unapigwa ngumi, na sauti ya bibi wa Kidominika wa ghorofa ya nne anapiga kelele fuego, fuego. Kihispania changu ni cha kununulia ndizi lakini hilo neno nlilijua. Nikafungua yuko na gauni la kulalia, paka kamkumbatia, anakohoa, kashapita kugonga kila mlango ghorofa yake na sasa yuko kwetu, umri wake na wa mama yangu sawasawa. Moshi ulikuwepo ila mwembamba, harufu ya plastiki na godoro. Nikamvuta mkubwa, mdogo nikambeba na blanketi, kanga kichwani, koti, simu, pasi za kusafiria nikasahau, chaja nikabeba (usiniulize). Tukatoka. Na mlango wangu, kama kawaida yangu, nikauacha wazi.

Tukiwa tunashuka wao wanapanda. Nlidhani ntawasikia mbali kwa kelele, wapi, wanapanda kimya na hawakimbii, wanatembea kama watu wanaojua ngazi ni nyingi. Koti zito, mtungi wa hewa mgongoni, mmoja kabeba shoka na lile chuma lao mfano wa mtalimbo, upande mmoja uma upande mwingine kama jembe dogo na ncha, linaitwa Halligan, kwa jina la bosi mmoja wa zimamoto wa hapahapa New York, Hugh Halligan, alielibuni miaka ya 1940. Mwingine kabeba mtungi mdogo wa maji kama ile mitungi ya kuzimia moto ya maofisini. Nikajisemea ndo hicho watazimia?

Tulipofika ya nne nikaona kitu ambacho mpaka leo nakiona nikifumba macho. Mlango wa yule bibi umefungwa. Chini yake kuna mstari wa mwanga wa rangi ya chungwa. Na askari mmoja wa zimamoto kapiga goti mbele yake, mkono mmoja kashika ule mlango, kaushika USIFUNGUKE. Yani kafika kwenye moto, moto uko kule ndani, na yeye kazi yake ni kuzuia mlango. Mwenzake ananipungia mkono shuka shuka shuka. Mimi nashuka huku nawaza hawa watu wazima kweli? Nyumba ya bibi wa watu inaungua nyie mmekaa mlangoni kama mabawabu?

Alfajiri, moto umeshazimwa wanakunja mipira, nikamuuliza mmoja, dereva wa gari la maji, mtu mzima ana mvi, hakuona swali langu la kijinga. Akanieleza kwamba magari yanakuja ya aina mbili na kila watu wana kazi yao. Gari la maji linakuja na mipira, wao kazi yao ni kuunga kwenye bomba la barabarani na kupeleka maji juu. Gari la ngazi ndo linaleta wavunja milango na watafutaji wa watu. Hawa wa pili huwa wanatangulia kufika mlangoni, na yule niliyemuona kazi yake ilikua kuuweka mlango umefungwa mpaka maji yafike. Kwa sababu moto ule uliofungiwa ndani umeshakula hewa ya mle chumbani, una njaa, ukiufungulia mlango bila maji mkononi unaupa hewa na unaupa njia, na njia yenyewe ni ngazi, na kwenye ngazi ndo nlikuepo mimi na watoto wangu wawili.

Nikanyamaza hapo.

Maji yenyewe yalivyopanda nlishuhudia. Ngazi zetu zinazunguka na katikati kuna uwazi mdogo, sehemu ambayo watoto huwa wanadondoshea vitu nawagombeza. Wale jamaa badala ya kuzungusha mpira kila kona ya ngazi wameupitisha hapo katikati, wameuvuta wima kama ndoo ya kisimani, kipande kimoja cha mita 15 kinamaliza ghorofa zote. Nlipokua ghorofa ya pili ulikua bapa kama mkanda, umening'inia tu. Nafika ya kwanza nikasikia mtu kaongea kwenye redio, mara ule mpira ukashtuka, ukajaa toka chini kwenda juu mbele ya macho yangu, ukakakamaa. Mwanangu akasema mama nyoka. Sekunde chache baadae juu tukasikia mlango unafunguliwa, na sauti ya maji ikipiga dari.

Wakati huohuo kuna mwingine kashapanda paa akafungua kile kimlango cha juu ya ngazi, moshi utoke juu usirudi kwa watu, na vioo vya madirisha ya bibi vinavunjwa kwa nje kwenye zile ngazi za chuma, tunavisikia vinadondoka barabarani. Yani mtu anaetazama toka chini anaona fujo, vioo, mashoka, kelele, kumbe kila mmoja anasubiri mwenzake. Ukivunja dirisha kabla ya maji umeupa moto hewa, maji yakiingia moshi hauna pa kutokea umewapika wenzako kwa mvuke.

Nje baridi ya kuganda. Tumesimama ng'ambo ya barabara na mablanketi, maji yanayovuja kwenye mipira yanaganda palepale kwenye lami. Wenye duka la kona wamefungua wanagawa chai. Kila mtu anaongea isipokua jirani yangu Mgambia, yeye kasimama anaangalia dirisha tu, anahesabu watoto wake kwa kuwashika vichwa, akimaliza anaanza tena.

Nilijua anawaza nini mana na mimi nlikua nawaza hichohicho. Januari 2022, jumapili tarehe 9, jengo moja la hapahapa Bronx lenye ghorofa 19, mtaa wa East 181st Street, wengi waliokua wanakaa mule walitoka Gambia. Hita ya umeme iliwasha moto kwenye fleti ya chini. Moto wenyewe haukufika mbali, uliishia kwenye ile fleti na korido yake. Lakini watu walipokimbia mlango haukujifunga, ukabaki wazi, na mlango mwingine wa ngazi juu huko ukawa wazi pia, moshi ukapata dohani. Zimamoto walikuja kama 200, walifika kwa dakika chache, wakawa wanakuta watu kwenye ngazi karibu kila ghorofa, na mkuu wao alisema kuna askari waliishiwa hewa kwenye mitungi na bado wakaendelea kubeba watu. Walikufa 17, wanane watoto, wote kwa moshi. Janaza iliswaliwa wiki moja baadae hapa Bronx, majeneza 15 kwa pamoja, watu wamejaa mpaka barabarani kwenye baridi.

Na miaka minne kabla ya hapo, Desemba 28, 2017, Prospect Avenue karibu na zoo, hilo sasa lilikua jengo kama letu kabisa, ghorofa tano, la mwaka 1916. Mtoto wa miaka mitatu alichezea jiko fleti ya chini, mama kamnyakua na mdogo wake katoka mbio, mlango ukabaki wazi. Zimamoto walifika kwa dakika tatu na kitu. Dakika tatu! Wakakuta moto umeshapanda ngazi zote. Walikufa 13, mmoja wao kijana wa Kighana, mwanajeshi, aliyekua ametoka salama akarudi ndani kutoa wengine.

Sisemi kumlaumu yule mama, nani mwenye moyo wa kumlaumu. Mimi mwenyewe nimetoka na chaja nikaacha mlango wazi, na moto haukua hata kwangu. Nashangaa tu huyu bibi wa Kidominika, usingizini, moshi umejaa, akili ya kumchukua paka NA kuuvuta mlango nyuma yake aliipata wapi. Nilimuuliza kwa kupitia mjukuu wake. Akasema haukua ujanja, ni paka, alikua na mazoea ya kufunga mlango paka asitoke.

Paka!

Haya shimo. Tuliporuhusiwa kurudi saa kumi na moja nakuta kwangu pana nyayo za buti kila mahali, kochi limesukumwa, na nyuma ya bomba la hita ukuta umechimbwa, plasta yote chini. Nilikasirika kweli kweli, moto ulikua chini nyie mmenibomolea mimi. Kumbe ndo kazi nyingine hiyo, kwenye majengo haya ya zamani moto unapanda kimyakimya ndani ya ukuta kwa kufuata mabomba, unaweza kuzimwa chini halafu saa mbili baadae unatokea juu kwenye dari ambako hakuna alieuona. Wanapapasa ukuta kwa mkono, wakihisi joto wanachimba. Mbao za ndani ya shimo langu zimeungua rangi nyeusi urefu wa kiganja. Ziko nyuma ya mto wa kochi anapolalia mwanangu akiangalia katuni. Hasira ziliniisha nikakaa chini.

Halafu kitu kingine cha aibu. Nyuma ya mlango wangu kuna karatasi imegandishwa na mwenye jengo, ya maelekezo ya moto, fleti za majengo kama haya jiji hili zinatakiwa kuwa nayo. Imesema wazi kabisa hili jengo si la kuhimili moto, ukitokea moto toka, na ukitoka funga mlango. Miaka yote hii sijaisoma. Nlikua nimeiwekea msumari wa kutundikia kanga.

Jana supa kaja na bawaba mpya. Sikumwambia kesho. Kafunga, kakaza, kaujaribu mara tatu, PAA, PAA, PAA, jirani Mgambia katoka akamwambia akimaliza na kwake. Wakati huo niko na mama kwenye simu, namueleza mambo ya zimamoto na bibi na paka, mdogo akatoka kwenda kuangalia supa anafanya nini, mlango ukajirudi kwa nguvu zake zote. Mama akanyamaza upande wa pili. Halafu akashusha sauti.

"Mwanangu, mmegombana na mumeo?"