Pampu ya klachi ya Land Rover ya mzee

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, pampu ya klachi msinunue kwa kuangalia tu kama bolti zinaingia. Leo Land Rover 109 ya mzee imetoka Sikonge hadi Tabora mjini, gia zinaingia laini kabisa!

Muuza vipuri alinipa pampu ya juu, ile inayosukumwa na pedeli, yenye tundu la inchi 7/8: "Kaka, hii ndiyo yenye nguvu." Fundi wangu wa Isevya akapima tundu la ile kuukuu, pale pistoni inapopita: milimita 19, yaani inchi 3/4. Siri iko hapo. Ya 7/8 inasukuma oili zaidi kwa kama asilimia 36 kila ukikanyaga, ila pedeli inakuwa nzito kwa kiasi hichohicho, na pampu ya chini, ile inayopokea oili na kuachia klachi, inaweza kusukumwa kupita mwendo wake. Tundu likiwa dogo mno, klachi haiachii, gia zinasaga. Tukachukua ya 3/4.

Kabla ya kuifunga, fundi aliijaza oili ya breki hapo mezani, akasukuma pistoni polepole kwa bisibisi mpaka mapovu yakaisha. Oili ya breki tu jamani, ya injini inavimbisha mipira ya ndani ya pampu. Na kati ya rodi ya pedeli na pistoni acheni nafasi kidogo, la sivyo oili hairudi kwenye kikopo chake, klachi inabaki kama imekanyagwa nusu, inateleza na kuungua.