Kidole Gumba cha Mama Maybelle

Januari 2010 theluji ilifunga barabara za mtaani kwetu East Nashville, Marekani, nikakosa zamu ya usiku. Jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa basi, akaniita kwake ninywe kitu cha moto. Juu ya meza palikuwa na santuri tatu katika jalada moja. "Zilirekodiwa studio za Woodland, papa hapa mtaani," akaniambia.

Alizinunua 1972, kijana wa roki aliyeionea haya banjo ya babake. Waliomrudisha ni vijana wenzake wenye santuri hizo, bendi ya Nitty Gritty Dirt Band wa California, nywele mpaka mabegani. Agosti 1971 walikuja Nashville kuwatafuta wazee wa muziki wa milimani, ule wa banjo, fidla na gitaa kavu. Siku hizo za vita vya Vietnam wazee wengi hawakutaka hata kuwaona wenye nywele ndefu. Bill Monroe aliwakatalia. Roy Acuff alisita mpaka aliposikilizishwa kazi waliyokwisha kurekodi, ndipo akaja. Jambo linalonigusa mpaka leo ni kwamba, katika nyimbo nyingi, vijana waliwaachia wazee maikrofoni, wao wakakaa nyuma wakawapigia.

Mzee akateremsha sindano. Mama Maybelle Carter, aliyerekodi mara ya kwanza mwaka 1927, alikuwa na gitaa. Kidole gumba chake kilichuna wimbo kwenye nyuzi nene, na cha shahada kikapapasa nyembamba, kwenda na kurudi. Nikaweka kikombe chini. Mjomba wangu kule Butere, magharibi mwa Kenya, hupiga vivyo hivyo, gumba na shahada, mtu wa pembeni akikwaruza chupa ya Fanta. Ila kwake gumba hushika besi na shahada ndiyo huimba. Mama huyu alikuwa amebadilishana kazi za vidole.

Mimi ni somo wa mjomba huyo. Nikiwa kidato cha pili alitaka kunifundisha, nikamwambia hizo ni nyimbo za wazee, mimi nataka gitaa la umeme. Hakunijibu. Alilegeza nyuzi moja moja, akalifunga gitaa kwenye shuka.

Kisha mzee akanirushia mbele hadi mahali pasipo na wimbo, maongezi tu, kwa kuwa wale vijana walirekodi hata mazungumzo ya studioni. Doc Watson, mpiga gitaa kipofu wa North Carolina, anakutana na mpiga gitaa mwenzake, Merle Travis, kwa mara ya kwanza. Miaka yote Watson alikuwa amejifunza kwa Travis kwa kumsikiliza tu, na mwanawe alimpa jina hilohilo, Merle. Nilimwomba mzee arudishe sindano. Nikasikiliza mara tatu. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto kama huyo ana jina lake, anaitwa somo, na yeye akalirudia neno hilo polepole huku akipangusa santuri kwa kiganja.

Saa tisa usiku, Butere ikiwa saa sita mchana, nikapiga simu.

"Somo," mjomba akaitika.

Nikamuuliza kama gitaa bado lipo.

Akanyamaza kidogo. "Lipo. Ukija, uje umekata kucha za mkono wa kushoto."