Kumbukumbu ya mradi: prosesa yetu ya Ming'oko imeingia BFD

Wakuu habari za mihangaiko. Tunaendelea na ule mradi wa prosesa ya nyumbani. Kwa waliochelewa: jamaa yangu wa Mikindani kachora prosesa yake mwenyewe kwa Verilog (lugha ya kuelezea saketi), inakaa kwenye kabodi kadogo ka FPGA (chipu unayoweza kuipangia saketi upya), ni ya biti 32, ina rejista 16 (vijisanduku vya kushika namba ndani ya prosesa), kila amri ni baiti nne kamili na baiti ya thamani ndogo inatangulia. Jina ni Ming'oko maana ilichorwa kipindi kile ming'oko, vile viazi vya porini, imejaa sokoni na sisi tulikuwa tunaitafuna kila jioni huku Shangani, Mtwara, tukibishana kuhusu rejista. Kazi yake ya mwisho ni kukaa kwenye ghala la korosho ikisoma unyevu na kutunza rekodi. Na ndiyo, najua Arduino ya bei chee ingemaliza hiyo kazi wikendi moja, nimeambiwa sana, tuachane na hilo.

Mpaka juzi tulikuwa na skripti ya Python tu, unaipa amri inakutolea baiti mbichi, na anwani zote inazikokotoa humo humo kwa sababu kila kitu kiko faili moja. Programu ilivyonenepa ikawa kero, ukigusa kipande cha kusoma sensa inabidi upitishe yote upya, na huwezi kumpa mwenzako kipande akaandika kwake halafu mkaja kuunganisha. Tunachotaka ni faili za objekti za ukweli (vipande vya programu vilivyokwisha kuwa baiti ila havijaunganishwa), za muundo wa ELF unaotumika hata kwenye Linux, na linka, yaani programu ya kuviunganisha. Linka ya kuandika kutoka sifuri sina huo ubavu wala huo muda, wakati GNU Binutils, mkusanyiko wa zana huria za kazi hizi, ipo na ndani yake kuna BFD, laibrari ambayo zana kama objdump, objcopy, nm, ld (ndo linka yenyewe) na hata GDB ya kutafutia makosa zinaitumia kusoma na kuandika faili za objekti. Ukiiongezea prosesa yako mara moja, vyote hivyo vinaijua.

Kuandikisha jina

Nilishusha kifurushi cha 2.42 chenyewe, hakifiki MB 30, kuliko kuvuta historia nzima ya git ikanimalizia bando. Ukijaribu tu kuweka --target=mingoko-elf unarudishwa mlangoni, config.sub inasema machine 'mingoko-unknown' not recognized, kwahiyo jina linaanzia hapo. Jina bila ile alama ya juu, maana C haiwezi kuivumilia katikati ya neno.

Baada ya hapo ni kupita faili moja moja. Kwenye bfd/config.bfd unasema mingoko-*-elf itumie vekta (jedwali linaloiambia BFD jinsi ya kushughulikia faili za aina hiyo) mingoko_elf32_vec, kwenye configure.ac unasema vekta hiyo inajengwa na elf32-mingoko.lo, targets.c inataka uitangaze, archures.c inataka bfd_arch_mingoko, Makefile.am inataka majina ya faili mpya, na unaandika kafaili kafupi cpu-mingoko.c kanakosema neno lina biti 32, anwani biti 32, baiti biti 8, basi. Folda ya opcodes nayo inataka mstari wake hata kama disasembla (ya kugeuza baiti kuwa amri zinazosomeka) bado hujaiandika, la sivyo inagoma kabisa kujengwa.

Hapa kuna vitu viwili vya kushika kama na wewe unapanga kufanya hivi. Kwanza bfd-in2.h usiiguse kwa mkono, inazalishwa kutoka archures.c, reloc.c na targets.c, unabadilisha huko halafu unaingia folda ya bfd ya kujengea unapiga make headers. Pili, ukishagusa configure.ac au Makefile.am utahitaji autoconf 2.69 na automake 1.15.1 hasa, sio zile zilizokuja na Linux yako, wenyewe wamefunga hivyo makusudi ili faili zinazozalishwa zisibadilike badilika kila mtu akizigusa kwa toleo lake. Mimi nimeziweka pembeni ndani ya folda yangu ya nyumbani na kuzitanguliza kwenye PATH, amani imerudi.

Namba ya mashine

Kwenye heda ya ELF, yaani baiti za mwanzo wa faili, baiti ya 18 na ya 19 ukihesabu kuanzia sifuri, ndio panakaa namba ya prosesa. Intel 386 ni 3, ARM ni 40, x86-64 ni 62, RISC-V ni 243. Jamaa alivyokuja na boda kutoka Mikindani kitu cha kwanza kuuliza ni hicho.

"Kaka, na sisi hiyo namba tunaiomba wapi?"

Kuna wanaotunza orodha rasmi, lakini mradi wa watu wawili hauna haja ya kuwasumbua. Ndani ya include/elf/common.h wenyewe wameandika kwamba ukihitaji namba isiyo rasmi chagua kubwa ya ovyo ovyo ili isigongane na za watu. Na prosesa za wakubwa zimepita huko huko, AVR ilianza na 0x1057 (0x maana yake namba imeandikwa kwa msingi wa 16) kabla ya kupewa 83, Moxie ilianza na 0xFEED kabla ya 223, na Alpha mpaka leo inatumia 0x9026 na hakuna aliyekufa. Sisi tumechukua 0x544D, nikakagua orodha hakuna mwenye nayo. Sababu ya kuichagua hiyo mtaiona sasa hivi.

Uzuri ni kwamba huhitaji asembla (ya kugeuza amri zilizoandikwa kuwa baiti) kufanya jaribio la kwanza. Objcopy inaweza kuchukua faili lolote la baiti na kulivisha ELF ya prosesa yako:

objcopy -I binary -O elf32-mingoko -B mingoko sensa.bin sensa.o

Nikaifungua na hexdump -C na mstari wa pili ukaanza hivi: 01 00 4d 54 01 00 00 00. Ile 01 00 maana yake ni faili la objekti ambalo bado halijaunganishwa, na zinazofuata ni namba yetu, na kwa kuwa baiti ndogo inatangulia, upande wa kulia wa skrini inasomeka MT. MT ya Mtwara, imo ndani ya kila faili tutakalotengeneza. Jamaa alipiga picha skrini akaweka statasi, sijui nani kati ya watu wake alielewa.

Ukichukua faili hilo hilo ukalipa objdump ya kawaida ya kwenye laptop inakwambia elf32-little na architecture: UNKNOWN!, ile yetu inasema elf32-mingoko, architecture: mingoko. Hapo ndo unajua usajili umekubali.

Rilokesheni, hapa ndipo kazi ilipo

Nilivyokuwa nawaza kabla ya kuanza nilidhani BFD itataka kujua amri za prosesa, kujumlisha ikoje, kuruka ikoje. Haitaki hata moja. Inachotaka kujua ni matundu. Asembla ikikutana na amri ya kuita kazi (fanksheni) iliyoko faili jingine haijui anwani, kwahiyo inaacha tundu na kuandika pembeni: kwenye ofseti fulani (umbali kutoka mwanzo), jaza anwani ya alama fulani (jina la kazi au data), kwa mtindo namba fulani. Ni kama stakabadhi ya ghalani iliyojazwa kila kitu ila uzito, anayepima ndo anakuja kuweka kilo. Noti hiyo ndo rilokesheni, na kila moja kwenye muundo wa RELA wa biti 32 ni baiti 12: nne za ofseti, nne zenye alama pamoja na mtindo, nne za nyongeza. Mtindo una biti 8 tu kwahiyo hauwezi kuwa na zaidi ya mitindo 256, sisi tunayo sita na inatosha.

Kila mtindo unaandikwa kwenye jedwali la HOWTO ndani ya elf32-mingoko.c. Huu ni wa amri ya kuruka:

HOWTO (R_MINGOKO_PC24, 2, 4, 24, true, 0, complain_overflow_signed, bfd_elf_generic_reloc, "R_MINGOKO_PC24", false, 0, 0x00ffffff, true),

Kwa kiswahili cha mtaani: chukua umbali kutoka hapa ulipo mpaka unapoenda, usogeze kulia biti 2 kwa kuwa amri zote zimekaa kwenye anwani zinazogawanyika kwa nne, tundu liko ndani ya baiti 4, upana wake biti 24, namba ina alama ya kujumlisha au kutoa, ikizidi piga kelele, na ukiandika gusa biti 24 za chini tu, zile 8 za juu ni jina la amri ziache zenyewe. Biti 24 mara nne inakupa uwezo wa kuruka MB 32 mbele au nyuma, kwa bodi yetu hiyo ni bahari.

Angalizo kwa wanaonakili kutoka sosi za zamani: hiyo 4 ya saizi zamani ilikuwa inaandikwa kwa namba ya kificho, 0 ni baiti moja, 1 ni mbili, 2 ni nne. Wakabadilisha mwaka 2022, sasa unaandika idadi ya baiti yenyewe. Mafundisho mengi yaliyozagaa bado yana ile ya zamani, ukinakili 2 kwenye toleo jipya umeiambia tundu ni la baiti mbili.

Sasa lile lililotukalisha mpaka feni ya laptop ikawa inalia kuliko mbu. Amri ni baiti nne, anwani nayo ni baiti nne, kwahiyo anwani nzima haiwezi kuingia ndani ya amri moja. Unaigawa: amri ya kwanza inapakia nusu ya juu, ya pili inaweka nusu ya chini. Kama ya pili ni OR (inayobandika biti tu bila kujumlisha) mambo ni rahisi, nusu ya juu unaikata ilivyo. Lakini amri zetu za kusoma na kuandika kumbukumbu zina ofseti ya biti 16 yenye alama ya kujumlisha au kutoa, maana yake nusu ya chini ikianzia 0x8000 kwenda juu prosesa inaisoma kama namba hasi.

Chukua anwani 0x18F40. Nusu ya juu ni 1, ya chini 0x8F40. Prosesa ikiiona 0x8F40 inasoma -28864, inajumlisha na 0x10000 inapata 0x8F40, yaani umeikosa shabaha kwa 65536 kamili. Dawa ni kuongeza 0x8000 kabla ya kukata nusu ya juu, inakuwa 2 badala ya 1, na 0x20000 ukitoa 28864 unatua 0x18F40 pale pale. Sio uvumbuzi wetu, PowerPC wana @h na @ha kwa sababu hii hii, na MIPS nao wanafanya marekebisho hayo kwenye %hi yao. Kwahiyo na sisi tuna R_MINGOKO_HI16 kwa ajili ya OR na R_MINGOKO_HA16 kwa ajili ya kumbukumbu, na jedwali peke yake halijui kuongeza 0x8000, inabidi uiongeze mwenyewe ndani ya relocate_section (kazi ambayo ld inaiita kujaza matundu), na uweke pia kazi maalum kwenye ile nafasi ya bfd_elf_generic_reloc, kwa sababu kuna njia nyingine ndani ya BFD ambayo haipiti kwenye relocate_section kabisa.

Jamaa alitaka tufute mtindo mmoja, tubadili prosesa ofseti isiwe na alama, tumalizane. Nilikataa, ofseti hasi ndo inafanya kusoma vitu nyuma ya rejista ya staki kuwe rahisi, na kubadili chuma ili kukwepa mistari kumi ya C ni uvivu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwisho akakubali.

Kuunganisha

Upande wa ld ni mfupi: mstari kwenye configure.tgt, mstari kwenye Makefile.am, na kafaili ka emulparams kanachotaja elf32-mingoko na anwani ya kuanzia. Ile skripti ya Python tumeifundisha kutoa .o yenye .rela.text, sio nzuri lakini inatosha kupima.

Tumepima kwa faili mbili, moja ina kazi kuu (main, pale programu inapoanzia) nyingine ina kazi ya kusoma sensa, tukaweka data kwenye 0x18F40 makusudi. Objdump -s ikaonyesha nusu ya juu ni 2. Bodi ikasoma namba sahihi. Kisha nikataka kuona kelele, nikaandika skripti ya linka inayopeleka ile kazi 0x02800000, MB 40 mbali, na ikaja ile sentensi ambayo kila aliyewahi kuunganisha programu kubwa anaijua: relocation truncated to fit: R_MINGOKO_PC24. Sijawahi kufurahia kosa hivyo.

Ya mwisho, readelf, zana ya kuonyesha kilichomo ndani ya faili la ELF. Hii haitumii BFD kusoma ELF, ina njia yake, na nadhani ni busara maana BFD ikikosea una jicho la pili. Kwahiyo haikuijua Ming'oko mpaka nilipoongeza jina kwenye readelf.c. Majina ya rilokesheni yanatoka include/elf/mingoko.h, yameandikwa mara moja kwa START_RELOC_NUMBERS, na faili hilo hilo linageuka orodha ya namba kwa BFD na kazi ya kutaja majina kwa readelf, kutegemea nani kaliita. Huo ujanja nimeupenda sana.

Kilichobaki ni asembla yenyewe, tc-mingoko.c, ili skripti ya Python istaafu, na disasembla maana sasa hivi objdump -d haina cha kusema. Jamaa anaandika jedwali la amri kwa ajili ya opcodes wiki hii, mimi naanza na kusoma @ha kutoka kwenye maandishi. Mwenye swali kuhusu config.bfd aulize sasa hivi wakati bado nakumbuka.